Amarilisi Baada ya Kuchanua

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine kuhusu amarilisi huja hivi: mwaka ilipoingia nyumbani ilitoa maua manne mekundu, kila mgeni akaisifia, tangu hapo ni majani matupu, na sasa ni mwaka wa tatu. Anayeuliza huwa ameshahangaika. Amebadilisha chungu, amemwaga mbolea, ameitoa barazani akaipeleka sebuleni na kuirudisha tena. Nami humuuliza jambo moja tu: maua yaliponyauka, ulifanya nini? Mara nyingi jibu ni kwamba alikata vyote, bua na majani, ili mmea upumzike, kisha chungu kikasukumwa nyuma ya nyumba, mahali pasipofika jua.

Tatizo lilianzia hapo, na halitibiwi kwa chungu kipya. Amarilisi hutunzwa baada ya kuchanua. Zile wiki mbili tatu za maua hazihitaji ufundi wowote. Kazi yenyewe iko katika miezi inayofuata, wakati mmea hauna cha kuonyesha ila majani marefu ya kijani ambayo hakuna mgeni anayeyasifia.

Sababu utaiona ndani ya tunguu, lile donge linalofanana na kitunguu maji. Ukilipasua katikati kwa kisu utakuta matabaka meupe yaliyofunikana. Kila tabaka ni sehemu ya chini ya jani, liwe lililopo sasa au lililokwisha kukauka, iliyonenepa kwa chakula ambacho jani hilo lilikitengeneza likiwa juani. Tunguu zima ni ghala, na hakuna kinacholijaza isipokuwa majani. Chini kabisa pana kitako: kipande kifupi, kigumu, ambacho ndicho shina halisi la mmea, na mizizi yote huanzia hapo. Katikati ya matabaka hutungwa vichwa vya maua. Kwa kawaida kila baada ya majani manne hivi hutungwa kichwa kimoja, nacho hukaa humo ndani mwaka mzima na zaidi kabla ya kutokeza nje.

Maana yake ni kwamba tunguu ulilonunua lilikuja nyumbani na ua lake tayari tumboni. Aliyelitengeneza ni mkulima wa Uholanzi au Afrika Kusini aliyelilisha miaka kadhaa kabla hujaliona. Ungeweza kuliweka mezani bila udongo wala maji na pengine bado lingechanua. Maua ya mwaka wa pili na wa tatu ndiyo yatakayotokana na mikono yako, nayo yanategemea majani mangapi yaliota, yalipata jua kiasi gani, na yaliachwa yaishi kwa muda gani.

Kuna njia rahisi ya kujua kama unaelekea pazuri. Wafanyabiashara huuza matunguu kwa mzingo: sentimita 24 hadi 26, 26 hadi 28, na kuendelea hadi 34 na zaidi. Likiwa chini ya sentimita 20 si rahisi lichanue. Makubwa hutoa mabua mawili, hata matatu. Basi chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kwenye tumbo la tunguu mara tu maua yanapokwisha, uandike kipimo. Litakuwa limesinyaa, kwa kuwa limetoa akiba yake. Pima tena kabla ya mapumziko. Likiwa limerudi kwenye unene wake wa awali au kuupita, tarajia ua. Likiwa bado jembamba, hakuna hila itakayolilazimisha, na heri uliache liendelee na majani mwaka mwingine.

Ua moja moja linaponyauka, likate pamoja na kile kivimbe cha kijani nyuma yake, maana hicho ndicho kifuko cha mbegu, na mbegu hula akiba nyingi. Bua lenyewe liache. Maadamu ni la kijani, nalo linatengeneza chakula. Likigeuka njano na kulegea, likate sentimita chache juu ya shingo ya tunguu. Ndani ni tupu, na maji yatamwagika ukilikata. Huo si ugonjwa. Majani usiyaguse. Usiyafunge fundo, usiyapunguze ili chungu kipendeze. Yatakuwa marefu, pengine nusu mita na zaidi, na yatainama huku na huku. Ndivyo yalivyo.

Yapeleke kwenye jua. Hili nalisisitiza kuliko mbolea, kuliko udongo, kuliko chungu. Amarilisi iliyowekwa sebuleni mwaka mzima, mita mbili kutoka dirishani, itaishi, lakini majani yake yatakuwa marefu, mapana, laini, ya kijani kilichopauka, na tunguu litapungua kila mwaka hadi liishe. Arusha, Moshi, Lushoto, Nairobi au Limuru, mmea uliozoea unaweza kukaa juani karibu siku nzima. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano linatosha, kisha kivuli chepesi cha mti au cha upenu. Ikiwa ilikuwa ndani, itoe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili. Majani yaliyolelewa kivulini yakipigwa ghafla na jua la mchana huungua na kubaki na mabaka meupe ambayo hayaponi.

Maji ni jambo la kidole. Chomeka kidole udongoni hadi kwenye kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, acha. Udongo wa juu ukikauka, mwagilia hadi maji yatoke chini, ukiyaelekeza kwenye udongo na si kwenye shingo ya tunguu. Maji yakituama katikati ya majani kwenye joto, uozo hauko mbali. Wanaotumia maji ya kisima chenye chumvi, kama ilivyo katika mitaa mingi ya pwani, wataona ncha za majani zikikauka na utando mweupe ukijitokeza juu ya udongo. Mvua ikinyesha, weka chungu nje kioshwe na maji ya mvua yapite tele hadi chini. Ikiwa hakuna mvua, tumia maji ya bomba kwa muda. Na sahani ya chini ya chungu imwage kila unapomaliza kumwagilia. Ina madhara mawili: huozesha mizizi, na huzalisha mbu. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wanaoieneza hupenda maji machache yaliyotuama kwenye vyombo karibu na nyumba.

Kuhusu mbolea, kiasi. NPK ya 17:17:17, ile inayopatikana katika duka lolote la pembejeo, inafaa: kijiko cha chai kisichojaa kwenye lita tano za maji, mara moja kila wiki tatu, na udongo uwe umelowa kwanza. Samadi iliyooza vizuri nayo ni nzuri ikichanganywa kwenye udongo. Urea usiitumie. Nitrojeni nyingi huleta majani makubwa yenye kupendeza na tunguu laini linaloshambuliwa upesi na ukungu, na mwenyewe atashangaa mbona mmea umenawiri hivi na hauna ua. Miezi miwili kabla ya mapumziko acha mbolea kabisa.

Sasa hayo mapumziko. Amarilisi za vyunguni asili yake ni Amerika ya Kusini, kuanzia Brazili hadi Peru na Bolivia, na wengi wa mababu zake waliishi mahali penye miezi ya mvua na miezi ya ukame wenye ubaridi kiasi. Wataalamu wa mimea huziita Hippeastrum. Jina Amaryllis wameliachia ua jingine la Afrika Kusini, la ukoo huohuo. Kwa mtunzaji, lenye uzito ni hiyo hali ya hewa. Amarilisi haihitaji baridi kali kama tulipu, kwa hiyo ushauri wa kulaza tunguu kwenye friji hauihusu. Inachohitaji ni ukavu, na kama ubaridi wa nyuzi 13 hivi unapatikana, vizuri zaidi.

Hapo Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wenzetu wengi hawana. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ni mapumziko yaliyotayarishwa na hewa yenyewe. Nairobi, Arusha na Lushoto, usiku wa Julai hushuka karibu kabisa na kipimo kinachotafutwa. Pwani hakushuki hivyo, lakini ukavu wa vyunguni hufanya sehemu kubwa ya kazi ya baridi. Kuanzia katikati ya Juni punguza maji, kisha acha. Weka chungu chini ya upenu ambapo manyunyu hayafiki. Majani yataanza kugeuka njano kutoka nchani; hapo yanarudisha chakula chao tunguuni, na ndiyo maana hupaswi kukata jani lenye ukijani. Kata lililokauka tu. Yote yasipokauka, usihuzunike. Kuna aina, kama ile iitwayo Papilio yenye maua ya rangi ya maziwa na michirizi ya damu ya mzee, ambazo hubaki na majani mwaka mzima. Hizo zipunguzie maji tu.

Wiki nane hadi kumi zinatosha. Mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, rudisha chungu kwenye mwanga, mwagilia mara moja hadi udongo ulowe wote, kisha subiri. Huu ndio wakati watu huua matunguu yao kwa upendo. Tunguu lisilo na majani halinywi maji, na udongo unaolowa kila siku huku juu hakuna kinachoota huozesha kitako. Ngoja hadi uone ncha ya kijani ikitokeza shingoni, ndipo uanze kumwagilia kwa utaratibu. Ncha iliyo bapa na nyembamba ni jani. Iliyonenepa, yenye kichwa kama mkuki, ni bua. Tangu kuamka hadi kuchanua ni kama wiki sita hadi nane. Anayetaka maua mezani siku ya Krismasi acheleweshe: mapumziko yaanze katikati ya Agosti, na maji ya kwanza yaje mwishoni mwa Oktoba. Bua likipanda, geuza chungu robo mzunguko kila siku mbili tatu, la sivyo litalalia upande wa dirisha.

Waliopanda moja kwa moja bustanini hawana haja ya hesabu hizi. Mvua ndiyo itakayoiamsha amarilisi, kama inavyomwamsha ndugu yake wa porini, Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la duara linalochomoza ardhini mvua za kwanza zinapoanguka, kutoka vichaka vya pwani hadi nyanda za juu. Ukoo ni mmoja, na desturi ya kulala kiangazi na kuamka na mvua ni moja. Ukiweza kumtunza mmoja utamweza mwingine. Bustanini hakikisha tu kwamba maji hayatuami: inua tuta, na panda shingo ikiwa usawa wa ardhi au juu yake kidogo.

Nije kwenye kubadilisha chungu, kazi ambayo watu huifanya mara nyingi mno. Amarilisi haipendi kuguswa mizizi. Mizizi yake ni minene, na mingi hubaki hai hata wakati wa mapumziko. Ikikatwa hovyo, mmea hutumia msimu mzima kuiotesha upya na tunguu halinenepi. Kila baada ya miaka mitatu au minne inatosha. Katika miaka ya katikati, mapumziko yanapokwisha, kwangua udongo wa juu sentimita tatu hivi kwa uma wa zamani, uuondoe, uweke mboji mpya. Hapo mmea umepata chakula na hakuna mzizi uliosumbuliwa.

Wakati wa kubadilisha kweli utajionyesha. Mizizi imelisukuma tunguu juu hadi linayumba. Maji yanapita pembeni na kutoka chini papo hapo bila udongo kulowa. Watoto wa tunguu wamejazana wakisukumana na ukuta wa chungu, na kama chungu ni cha plastiki, kimevimba ubavu. Kazi hii ifanye mwisho wa mapumziko, kabla ncha haijatokeza. Mara baada ya maua nako kunafaa, kwa kuwa majani mapya huja na mizizi mipya. Bua likishasimama, acha hadi maua yaishe. Ukilisumbua wakati huo, vichwa vinaweza kukauka kabla ya kufunguka.

Siku chache kabla, usimwagilie, ili udongo uachane na ukuta. Laza chungu ubavu, kigonge pande zote kwa kiganja, kisha shika tunguu kwenye mabega yake ulivute taratibu. Usilivute kwa majani. Likigoma kwenye chungu cha udongo, pitisha kisu chembamba kuzunguka ukuta. Likigoma kwenye cha plastiki, kata plastiki. Chungu kinanunulika, mizizi hainunuliki. Kung'uta udongo wa zamani kwa vidole, na ukibaki umeshikana katikati ya mizizi, uoshe kwa maji ya vuguvugu.

Sasa kagua, tena bila haraka, kwa sababu fursa hii utaipata tena baada ya miaka mitatu. Mizizi hai ni myeupe au ya rangi ya krimu, imejaa, ukiibonyeza inagoma. Iliyokufa ni ya kahawia, ndani ni tupu, na ganda lake huchomoka ukilivuta. Iliyokufa kata, iliyo hai usipunguze hata mmoja. Bonyeza kitako kwa kidole gumba: kinapaswa kuwa kigumu kote. Pakibonyea, pameoza. Kata sehemu hiyo kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti hadi ufikie nyama nyeupe safi, paka jivu safi la kuni lililopoa, uache tunguu mahali penye upepo na kivuli siku kadhaa hadi jeraha likauke. Menya maganda ya kahawia yaliyolegea tu. Chini yake ndiko vidung'ata hujificha, wale wadudu wadogo weupe wenye unga, na watu wengi hawajui kwamba wanao hadi siku hiyo. Wafute kwa pamba yenye spiriti.

Chungu kipya kisiwe kikubwa. Hapa nitakuwa mkali, maana huruma ya kumpa mmea nafasi imeua matunguu mengi. Kati ya tunguu na ukuta wa chungu paingie vidole viwili, sentimita tatu hadi nne, basi. Udongo uliobaki mtupu pembeni hukaa na maji ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa, na uozo huanzia hapo. Kina ndicho kiongezwe: angalau sentimita 15 hadi 20, kwa sababu mizizi hushuka. Uzito nao ni muhimu, maana bua lenye maua manne linaweza kukiangusha chungu chepesi. Mimi napendelea chungu cha udongo wa kufinyanga, hasa pwani, kwa kuwa kinapumua. Matundu ya chini yawepo, tena yawe wazi.

Udongo uwe wenye kupitisha maji upesi. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni sehemu mbili za udongo wa msituni, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Penye mpunga, pumba zilizochomwa zikawa nyeusi hulegeza udongo vizuri. Pwani, makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa. Shika konzi ya mchanganyiko wenye unyevu, ufinye, ufungue kiganja. Ukibaki donge, ongeza mchanga.

Weka udongo kiasi chini, utengeneze kichuguu kidogo katikati, ukalishe kitako juu yake na kutandaza mizizi pande zote ikielekea chini. Jaza pembeni ukishindilia kwa vidole, usiache mapango ya hewa. Theluthi moja hadi nusu ya tunguu ibaki nje ya udongo. Waliozoea kupanda viazi huona vibaya kuliacha nje na hulizika hadi shingoni, lakini ndani ya chungu huko ni kulikaribisha uozo. Mwagilia mara moja, weka penye mwanga usio mkali, na usirudie hadi uone ukijani. Mbolea ingoje mwezi mmoja na nusu, mizizi iliyotoka kuguswa huungua kwa chumvi zake. Na msimu huo usipoona ua, usishtuke. Mmea unajipanga upya chini.

Watoto utakaowakuta pembeni, watenganishe wakiwa wamefikia theluthi ya unene wa mama na wana mizizi yao wenyewe. Wadogo kuliko hapo waache wanyonye. Mpe kila mtoto chungu kidogo, na usimpumzishe kama mkubwa: mwagilia mwaka mzima, aendelee kutoa majani bila kusimama, naye atachanua baada ya miaka miwili au mitatu. Wagawie majirani. Mwaka 1799 mtengeneza saa mmoja wa Prescot, Uingereza, Arthur Johnson, alichavusha aina mbili za porini akapata amarilisi ya kwanza ya kuzalishwa na mtu, nyekundu yenye mstari mweupe katikati ya kila petali. Baadaye kibanda chake cha mimea kiliharibiwa. Uzao ule ulinusurika kwa kuwa alikuwa amekwisha kuligawia bustani la mimea la Liverpool, na hadi leo unapandwa.

Maradhi si mengi, lakini moja huleta hofu kubwa: wekundu. Amarilisi ikijeruhiwa, hata kwa kukwaruzwa tu, hutoa rangi nyekundu penye jeraha. Doa bapa, kavu, lisilokua, liache. Linalotisha ni doa jekundu lililobonyea au kupasuka, linaloenea, na kulifanya jani au bua lipinde mahali hapo. Huo ni ukungu uitwao Stagonospora curtisii. Kata majani yaliyoathirika uyachome, mpe mmea hewa, acha kumwagilia kwa juu, na ikibidi tumia dawa ya ukungu yenye shaba kwa kufuata maelezo ya kifurushi. Majani yenye mabaka ya njano na kijani yaliyochanganyikana, mfano wa batobato ya mihogo, yana virusi ambavyo havina dawa. Ng'oa, tupa, na ufute kisu kwa spiriti kabla hujaugusa mmea mwingine. Kiwavi mweusi mwenye mikanda ya njano anaweza kumaliza majani yote kwa usiku chache na kisha kuchimba ndani ya tunguu. Huja kwa makundi, kwa hiyo ukimwona mmoja kagua pande zote mbili za kila jani, uwaokote kwa mkono.

Ununuapo kwa wauza miche wa kando ya barabara, matunguu huwa kwenye viriba vyeusi. Usiogope kumwomba muuzaji akuruhusu ulibonyeze. Liwe gumu, zito kwa umbo lake, shingo isiwe laini. Jembamba lenye majani marefu ya kupendeza ni mtoto, na litakuchukua miaka.

Kwa ndugu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako amarilisi huuzwa kwenye maboksi kuelekea Krismasi, kanuni ni ileile, kalenda ndiyo inayogeuka. Majani yakae dirishani penye jua hadi baridi ya usiku iishe, kisha yatoke nje majira yote ya joto. Kuanzia mwisho wa Agosti acha maji, ingiza ndani kabla ya baridi ya kuganda, weka mahali penye nyuzi 10 hadi 13 kwa wiki nane hadi kumi. Yale matunguu yaliyovikwa nta za rangi, yasiyohitaji maji, mengi yamekatwa mizizi na kuchomekwa waya chini. Ukitaka kuliokoa moja, maua yakiisha menya nta yote na uchomoe waya, ulipande. Kama kitako chake bado ni kizima linaweza kuota mizizi, ingawa mengi hushindwa.

Kuna jambo moja la usalama ambalo kila nyumba ilijue. Amarilisi ina sumu iitwayo likorini, nyingi zaidi ikiwa ndani ya tunguu. Ikiliwa huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha, na mbwa, paka na mbuzi huathirika vilevile. Matunguu yanayopumzika yasihifadhiwe jikoni wala karibu na kapu la vitunguu, maana likishamenywa nusu halina tofauti kubwa machoni pa mtu mwenye haraka. Vaa glavu unapokata mengi, utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Mtoto akila, mpeleke hospitali na uende na kipande cha mmea.

Mwisho, mbegu, kwa wenye subira. Chukua unga wa njano wa ua moja kwa brashi laini, upake kwenye ncha ya kike ya ua la tunguu jingine, siku ambayo ncha hiyo imejigawa mara tatu. Kifuko kikipasuka, utapata mbegu nyeusi, bapa, nyepesi kama karatasi. Zipande upesi, hazidumu. Zitawanye juu ya maji ndani ya bakuli, au uzifunike kwa udongo mwembamba uliolowa, nazo huanza kuota ndani ya wiki chache. Miche hiyo usiipumzishe; ilishe na kuimwagilia mfululizo hadi ichanue, kwa kawaida kuanzia mwaka wa tatu au wa nne. Iandikie majina ya baba na mama kwenye kila chungu, na usitupe mche wowote kabla hujaliona ua lake, kwa kuwa hakuna miwili itakayofanana.